Mtoto wa Miaka 26

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa unaofuata kutafuta mashairi ya mapenzi, hebu nivumilie kidogo. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya neno moja tu, tena neno tamu: mtoto.

Nyumbani kwetu hapa Mpanda yupo kijana wa miaka 26. Ndevu anazo. Gunia la mpunga analiweka begani peke yake, wala hahemi kama mimi msomi. Mgeni akija akauliza huyu nani, mama hujibu: "Huyo mtoto wangu wa mwisho, ana matatizo kidogo." Mgeni husema pole. Kisha humuuliza mama, siyo yeye: "Anakula vizuri?" Jamani, si amekaa palepale, masikio anayo! Angeulizwa mwenyewe angejibu kwamba anakula sana, na kwamba ugali wa jana ulikuwa mbichi.

Huyo ni mdogo wangu. Kadi yake ya hospitali imeandikwa ulemavu wa akili. Mtaani wana msamiati mrefu zaidi: taahira, zezeta, punguani, zuzu. Wengine wanamwita chizi, wakichanganya mtu aliyezaliwa mzito wa kuelewa na mtu aliyeugua akili ukubwani, mambo mawili yaliyo mbali kama homa na kuvunjika mguu. Hayo ni matusi, na matusi nayajua kuyajibu. Nimepigana kwa ajili yake mara tatu, nikashinda mara moja. Lililonishinda ni hili neno la upendo. Mtu akisema mtoto huwezi kumrushia ngumi. Na mimi nasema wazi kwamba neno hilo limemfunga kuliko yale mengine yote, kwa sababu mtoto halipwi, mtoto haulizwi, mtoto hana sanduku lake wala neno lake mbele ya wakubwa.

Alianza shule akiwa na miaka tisa, katika kitengo maalum cha shule moja ya msingi. Sitaki kuwasema vibaya walimu wale. Walimfundisha kufunga vifungo, kufua, kuhesabu mpaka ishirini, kuimba, kutunga shanga. Alikaa humo mpaka shati la sare likambana mabegani, na watoto wa darasa la kwanza wakawa wanamwamkia shikamoo wakidhani ni mwalimu. Wenzake wa darasa la saba walifanya mtihani, wakafaulu au wakafeli, lakini angalau walipewa jibu. Yeye hakupewa mtihani wala jibu. Desemba moja akarudi na begi lake. Januari akaamka alfajiri, akavaa sare, mama akamwambia, "Leo usiende baba, umeshakuwa mkubwa." Kesho yake akavaa tena. Aliivaa ile sare wiki mbili nzima.

Umeshakuwa mkubwa! Ndiyo mara pekee nilipomsikia akiitwa mkubwa, na ilikuwa ni katika kumzuia mlangoni.

Kwa sisi wengine njia zipo, hata kama zina mashimo. Kuna kidato cha kwanza, kuna VETA, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Msaginya (vyuo hivi nchini vilianza mwaka 1975, wazo likitoka Sweden), kuna bodaboda, kuna machimbo ya dhahabu. Ukikosa vyote kuna kijiwe, na hata kijiweni mtu hupewa cheo. Kwa wenye ulemavu serikali nayo ina vyuo vyake vya ufundi: Yombo kule Dar es Salaam, Luanzari Tabora, Sabasaba Singida, Mirongo Mwanza, Masiwani Tanga na Mtapika huko Mtwara. Baadhi vilikaa miaka mingi milango imefungwa kabla havijaanza kufufuliwa. Vikifunguka napiga makofi, tena kwa mikono miwili.

Lakini nawaambia jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi na mtu wa namna hii analijua. Kazi anaijua mahali anapoifanya. Mchukue mdogo wangu umpeleke Tabora, umfundishe kushona kwenye cherehani ile, juu ya benchi lile, na mwalimu yule, halafu umrudishe Mpanda pasipo na cherehani wala benchi wala mwalimu, utakuwa umemrudishia mama yake kijana aliyechanganyikiwa. Sisi tunabeba ujuzi kichwani tunahama nao. Yeye ujuzi wake umo mahali, umo katika mpangilio wa vitu na sura za watu. Basi afundishwe palepale atakapokula jasho lake, mtaani kwake, na fundi wa mtaani kwake. Aanze akiwa na miaka kumi na minne, siku mbili kwa wiki, wakati bado ana mwalimu wa kumfuata nyuma na kumsaidia fundi. Asingojewe afike 19 ndipo watu washtuke kwamba, ala, kumbe huyu anakua!

Hilo halihitaji jengo. Halihitaji hata mfadhili. Ndiyo maana, nadhani, halifanyiki.

Sasa nije kwenye mashine. Mwaka juzi wakati wa mavuno, mpunga ukiingia kutoka Mwamkulu na Kakese, mdogo wangu alianza kwenda kukaa kwenye mashine moja ya kukoboa karibu na kwetu. Hakuna aliyemwajiri. Alikwenda kutazama mkanda unavyozunguka. Siku ya tatu akashika gunia, siku ya nne akafagia pumba, wiki ya pili akawa anapokea mizigo. Mwenye mashine akagundua kitu ambacho mimi ndugu yake wa damu sikuwa nakijua: jamaa hachanganyi mpunga wa watu. Ukitaka kuona ugomvi mbaya kwenye mashine, mpe mwenye mbawambili wake mchele wa mwenzake wenye chenga. Vibarua wanaojua kusoma walikuwa wanachanganya kila siku. Yeye anafunga kila gunia na kipande cha kitambaa, hiki cha kanga nyekundu, kile cha shuka la kijani, na mwenyewe akirudi jioni anamtazama usoni mara moja, anakwenda moja kwa moja kwenye gunia lake. Arobaini kwa siku na hakosei.

Malipo? Sahani ya wali na maharage, mchana. Siku ya neema, chenga kwenye mfuko wa kupeleka nyumbani. Vibarua wenzake walikuwa wanapata 5,000.

Nikamfuata mwenye mashine. Nilimwamkia kwa adabu zote. Nikasema, mzee, huyu ni kibarua kama wengine. Akacheka, tena cheko la upole, maana si mtu mbaya yule. Akanijibu: "Kijana wangu, nimpe hela za nini? Hela hajui. Kula anakula hapa, kulala analala kwenu. Mimi namsaidia tu mama yenu, angalau mtoto asishinde anazurura."

Hapo ndipo lilipo tatizo lote. Yule mzee anaamini anatoa sadaka. Mama anaamini anapokea sadaka. Na katikati ya sadaka hiyo yumo mtu anayebeba magunia kuanzia saa moja asubuhi.

Washikaji wangu wa kijiweni waliposikia nimekwenda kudai mshahara wa mdogo wangu walinicheka. "Sisi tuna vyeti tunakaa hapa, wewe unawatafutia kazi akina nanii?" Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Ila haigusi ninachosema. Sijamtafutia mtu kazi. Kazi anayo! Zunguka Mpanda nzima, toka Makanyagio mpaka Kawajense, nenda vijijini Mpimbwe na Mishamo, uangalie hawa mnaowaita watoto wakubwa wanashinda wakifanya nini. Wanachota maji. Wanachunga ng'ombe wa watu. Wanapasua kuni, wanaamia ndege mashambani, wanaosha sufuria za mama ntilie. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 564,604, na mwaka 2022 ukakutwa na 1,152,958. Mkoa uliojaa mara mbili kwa miaka kumi haukosi magunia ya kubeba. Wanachokosa wenzetu hawa ni ujira.

Na sheria je? Sheria ipo, tena nzuri. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Humo imo kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia tatu. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Asilimia tatu ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu. Sijui wataajiri kuanzia kiunoni au vipi. Na ukiacha utani, nionyeshe hapa Mpanda mashine, karakana au mgahawa wenye watu 20. Sheria ile inapita juu ya mabati yetu kama ndege ya watalii wanaokwenda Hifadhi ya Katavi, tunaisikia mlio tu.

Kuna nyingine ambayo watu huitaja vibaya. Mwenye mashine alinitishia nayo: eti mtu asiye na akili timamu hawezi kuwa na mkataba. Nikaenda kuitafuta. Ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, na ni kweli inataka akili timamu. Lakini mbona hawasomi kifungu cha 12 kinachofuata? Pale inaelezwa akili timamu ni nini kwa ajili ya mkataba: kwamba wakati wa kukubaliana, mtu awe anaweza kuuelewa mkataba ule na kupima kwa busara athari yake kwa faida yake. Mkataba ule! Hakuulizwi kama unaweza kusoma gazeti, wala kama ulifika kidato cha nne. Sasa mkataba wa mdogo wangu ni huu: nibebe, unilipe. Niambie ni kipande gani hakielewi.

Kwamba hajui hela, hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa kosa letu. Miaka kumi ya shanga, hakuna aliyewahi kumpa noti akanunue kitu akakosea. Nikaanza naye mimi. Namba zilimsumbua, lakini noti zetu zina picha, na yeye ni mtu wa picha. Ya 2,000 ina simba. Ya 5,000 ina faru. Ya 10,000 ina tembo. Ya 1,000 ina Mwalimu Nyerere. Wiki tatu tulikwenda dukani kila jioni, mwenye duka akivumilia foleni inayonung'unika nyuma yetu, na mwisho wa wiki ya tatu alikuwa anajua kwamba simba anatosha kwa mkate na Mwalimu peke yake hatoshi.

Hapa itabidi nijitaje mwenyewe, maana ni aibu kuwasema wazee wa watu ukajiacha. Kabla ya mambo ya mashine, siku za treni ya Tabora alikuwa anakwenda stesheni kubebea abiria mizigo. (Reli yenyewe ililetwa hapa kutoka Kaliua enzi za mkoloni, kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, mji ukabaki. Mji huu tangu kuzaliwa kwake ni wa wabeba mizigo.) Alichopewa alikuwa ananiletea mimi nimtunzie, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Nikawa naweka kwenye kopo. Kisha nikawa nachukua. Vocha leo, sigara kesho. Nilijiambia nitarudisha, halafu nikajiambia atajuaje. Siku moja akasimama mlangoni akasema, "Zangu." Nikamwambia zipo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, mpaka akafika kumi na tisa. Noti kumi na tisa. Kwenye kopo zilikuwa nne.

Mtu anayeweza kuhesabu mpaka ishirini tu, na mimi nilimwibia ndani ya hesabu yake.

Hakunigombeza. Aliacha tu kuniletea. Basi ninaposema neno mtoto ni wizi, sisemi kwa kusikia. Nililitumia neno hilo kama funguo bandia.

Na wapo walio na hali mbaya kuliko yake, nao ni wasichana. Jirani yetu mmoja ana binti wa miaka ishirini na kitu ambaye sijamwona nje ya ua kwa muda mrefu. Wanaogopa, na mimi siwezi kuwaambia hakuna cha kuogopa, kwa sababu kipo, na wanaofanya unyama huo mara nyingi si wageni bali ni shemeji, mjomba, mpangaji. Lakini kumfungia si ulinzi ikiwa mpangaji naye amo humohumo ndani ya ua. Ulinzi ni kumwambia mwili wake una majina gani, hedhi ni nini, nani haruhusiwi kugusa, na akiguswa amwambie nani, tena arudie kusema mpaka asikilizwe. Mama zake wanaona haya kumwambia mambo hayo kwa kuwa ni mtoto. Mtoto, mtoto! Wadogo zake wa miaka kumi na mitatu wanafundishwa shuleni, yeye hapana.

Karatasi nazo zina hadithi yake. Mkoa huu unajua vizuri maana ya karatasi. Wapo majirani zetu wa Katumba waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, na wa Mishamo walioingia tangu 1978, waliolima na kuzaa hapa miongo mizima kabla ya kukabidhiwa vyeti vya uraia mwaka 2014, wao na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000. Waulize wao nini kinabadilika mtu akishika karatasi yenye jina lake. Sasa mdogo wangu tulimpeleka kwenye ofisi moja akapate kitambulisho. Afisa alizungumza na mama kwa dakika ishirini. Jina la nani? Mama akajibu. Amezaliwa wapi? Mama akajibu. Alipofika kwenye saini akasema, "Mama, wewe saini." Mdogo wangu jina lake anaandika! Herufi kubwakubwa na zimelala upande, lakini anaandika. Alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha.

Laini ya simu pia, tangu usajili wa alama za vidole ulipokuja mwaka 2019, iko kwa jina la mama.

Kisha kuna ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024. Tulijaza fomu, tukaomba mkokoteni tu, abebe mchele wa wateja mpaka majumbani. Fomu ikarudi. Aliyeirudisha aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayenisaidia: "Huyu kweli atarejesha?" Nikamuuliza kama wale wenye akili nyingi wote wamerejesha. Hakupenda.

Lakini Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mtawaona uwanjani. Fulana, soda, ngoma, risala. Mwaka mmoja walimsimamisha mdogo wangu mstari wa mbele ashike bango. Lilikuwa refu, lenye maneno mengi. Hakuna aliyemsomea limeandikwa nini.

Msiniambie haiwezekani katika nchi maskini. Zanzibar ni ndugu zetu, na tangu mwaka 1999 wana jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo imewaleta pamoja wazazi na vijana wenyewe. Kenya wanatoa ruzuku ya shilingi zao 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Si nyingi, lakini ni hela, na huingia kwa jina. Iringa, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache, sasa watalii wanapanga foleni. Sisi Katavi tuna asali, tuna mchele, tuna watu wenye mikono. Inatakiwa mwalimu mmoja wa kitengo maalum apewe ruhusa ya kutoka nje ya geti na vijana wake wanne, awapeleke kwa mafundi wanne, akae nao mpaka waizoee kazi, na kila Ijumaa ahakikishe kila mmoja ameshika hela yake kwa mkono wake. Huyo mwalimu yupo. Geti ndilo limefungwa.

Mambo ya mashine yaliishia hivi. Baada ya mabishano ya wiki mbili, na baada ya mdogo wangu kugoma mwenyewe (alikaa nyumbani siku mbili, magunia ya watu yakachanganyika, mwenye mashine akaja mwenyewe na pikipiki), mzee alikubali 3,000 kwa siku. Mama alilia, akasema nimemharibia mtoto mahali pa kushinda. Hatukuongea vizuri kwa muda.

Mshahara wa kwanza alinunua kufuli. Kubwa, la shaba, la kufungia duka. Amelitia kwenye kisanduku cha mbao chini ya kitanda, na ufunguo kauning'iniza shingoni. Mimi sijui ndani mna kiasi gani na sitaki kujua.

Fomu ya mkopo tumeijaza upya, safari hii saini ni yake, na Jumatatu tunaipeleka. Ila yeye hana habari na fomu. Ana hesabu nyingine. Kila jioni akirudi, pumba kichwani, anaweka noti mbili mezani, ya simba na ya Mwalimu, anazinyoosha kwa kiganja, kisha ananiuliza kwa nini wenzake wanapewa faru.